Paa la flati linavuja, kontrakta anataka kutandika lami mpya juu ya ya zamani, nikubali?

Mtunza_Funguo:
Wakuu habari zenu. Mimi sio fundi, kazi yangu ni kusimamia jengo la biashara, chini maduka juu maofisi, na paa lake ni hili la flati ambalo ukiliangalia kwa macho huwezi kujua kama lina mteremko wowote. Chini kabisa zege, juu ya zege insulesheni ya povu, juu ya povu leya mbili za lami ile ya kuchoma na tochi, ya juu ina chengachenga za mawe. Umri wake kama miaka 15 hivi.

Linavuja na limenichosha aisee. Kuna madoa matatu kwenye silingi bodi upande wa maofisi, tumeshaziba mara tatu, kila tukiziba panakaa kimya miezi miwili mitatu halafu yanaanza upya, tena doa linahama, leo liko juu ya meza ya mhasibu kesho liko koridoni. Na kuna moja linanitia wazimu kabisa, hilo linadondosha hata wiki ambazo mvua hamna.

Nimeita makontrakta wawili. Wa kwanza kapanda, katembea kama dakika kumi, kashuka kaniambia hakuna haja ya kufumua, anatandika leya mpya juu ya ya zamani, wiki moja kazi imeisha. Wa pili hata ngazi hakupanda, kasimama chini akasema fumua lote mpaka zege. Sasa nimwamini nani, mmoja ananivuta kwa wepesi mwingine ananitisha. Kuna namna ya kujua ndani ya hilo paa kuna nini kabla sijasaini? Nikipanda mwenyewe naona malengelenge, mengine makubwa kama sinia, na madimbwi mawili yasiyokauka.

Fundi_Tochi:
Pole mkuu. Ila shukuru hujasaini, maana hao wote wawili wamekupa dawa bila kupima, huyo wa dakika kumi na huyo wa chini ya ngazi ni walewale.

Kwanza futa kichwani hii habari kwamba doa liko chini ya tundu. Kwenye paa la flati lenye insulesheni maji yakishapenya lami hayashuki moja kwa moja, yanaingia kwenye povu, yanafika juu ya zege, yanatambaa yakitafuta upenyo, iwe ufa, iwe tundu la bomba la umeme, ndo hapo yanadondoka. Yanaweza kutembea mita nyingi. Ndo maana doa lako linahama, paa halijapata tundu jipya, maji yamepata mlango mwingine wa kutokea. Na ndo maana mlikuwa mnaziba pasipohusika.

Anza ndani. Chora ramani ya dari, weka kila doa na vipimo vyake kutoka ukuta wa nje, halafu panda nayo juu upime toka ukuta uleule. Utajua doa liko chini ya nini. Ukishafika juu usikimbilie katikati ya paa, katikati huwa hakuna mengi. Nenda kwenye kingo, pale lami inapopanda ukuta wa parapeti, yaani ule ukuta mfupi unaozunguka ukingo wa paa, angalia kama imeachia juu, ingiza kidole nyuma yake taratibu, kikiingia hapo umepata mgonjwa. Angalia kofia ya parapeti, ile inayofunika juu ya huo ukuta, jointi zake, nyufa za plasta juu ya mwisho wa lami maana maji yanaingia ukutani yanapita nyuma ya kazi yote nzuri ya fundi. Angalia kila kitu kilichotoboa paa, mabomba, miguu ya viyoyozi, nguzo za bango, nguzo ya antena ambayo mtu wa antena alikuja akatoboa akapaka silikoni akaondoka. Huyo mtu wa antena amevujisha mapaa mengi kuliko mvua ya mawe.

Malengelenge usiyatoboe! Watu wanaona lengelenge wanashika kisu. Lile ni hewa na unyevu kidogo uliofungiwa kati ya leya mbili au kati ya lami na povu, jua linapiga, inatanuka, inainua lami, usiku inasinyaa lakini lami hairudi yote, kesho tena hivohivo, ndo linavyokua. Lengelenge zima halivuji. Lililopasuka, au lililomwaga chenga zake juu mpaka lami nyeusi inaonekana, au liko njia ya watu kupita, hilo ndo la kushughulikia. Sasa ukiona mistari iliyonyooka imevimba, kama mtu kachora mraba mraba, hayo sio malengelenge, hizo ni jointi za vipande vya povu vilivyopangwa chini zinajionesha, na mara nyingi unyevu unapanda kwa hizo jointi.

Madimbwi kipimo chake ni saa 48. Mvua ikishakata, kukiwa na jua la kawaida, maji yaliyobaki baada ya siku mbili ni dimbwi, ya kabla ya hapo ni maji yanayosafiri tu. Chora ukingo wake kwa chaki, rudi kesho uone.

Halafu tembea. Tembea taratibu na viatu vya soli laini ukisikiliza mguu. Paa kavu linajibu, paa lililolowa linazama kidogo na wakati mwingine unasikia kabisa kwichi. Mimi nikishasikia kwichi naweka alama hapohapo.

Kuhusu kutandika juu, sio kosa kila mara, kuna mapaa nimeyatandika na yametulia. Lakini kama povu chini limelowa hiyo ni sawa na kumvalisha mtoto suruali kavu juu ya nepi iliyojaa. Unyevu unabaki humo, jua likipiga unageuka mvuke, mvuke unasukuma lami mpya, mwakani unahesabu malengelenge mapya. Na uzito umeongeza.

Kamera_ya_Joto:
Fundi_Tochi kamaliza sehemu ya macho na miguu, mimi niongezee ya vifaa maana ndo shughuli yangu.

Povu likilowa linakuwa na tabia ya jiwe. Mchana linanyonya joto la jua, jua likizama sehemu kavu zinapoa chapchap ila iliyolowa inabaki na joto lake, kwahiyo saa moja mbili baada ya machweo ukipita na kamera ya joto unaona mabaka yanang'aa gizani. Unapita na kopo la rangi unayazungushia palepale, asubuhi mwenye jengo anapanda anakuta paa limechorwa ramani. Kazi ya usiku mmoja kwa paa kama lako.

Ila masharti yake usipoyafuata utapigwa changa la macho. Mchana wake lazima jua liwe limewaka vizuri, anga ya usiku iwe wazi, upepo uwe mdogo maana upepo unapoza kila kitu sawasawa, na juu ya paa pawe pakavu. Dimbwi lenyewe kamera haisomi chini yake, inasoma maji. Kwahiyo fagia madimbwi yako siku mbili kabla pakauke. Akija mtu na kamera saa sita mchana au siku ya mawingu, mwambie arudi na kamera yake.

Povu lina ujanja mwingine. Zile insulesheni za nyuzinyuzi zinanyonya haraka, ubao mzima unalowa, kwenye kamera unaona mstatili kamili umewaka. Povu linanyonya polepole kuanzia kingoni, kwahiyo unaona kama fremu ya picha, kingo zimewaka katikati kweusi. Asiyejua anaona mistari anasema ni jointi tu. Ukiona fremu jua maji yapo na yameanza safari.

Kuna mashine ya nyutroni pia, ile inahesabu hidrojeni, na maji yana hidrojeni, unaiweka kwenye gridi tuseme kila mita tatu unasoma namba. Haijali usiku wala mchana. Shida lami nayo ina hidrojeni, kwahiyo namba peke yake haina maana mpaka uilinganishe na sehemu unayojua ni kavu, halafu ina chanzo cha mionzi, mtu asiye na leseni haishiki. Kuna na vile vipimo vya umeme vya kuburuza juu, vyepesi, ila juu pakiwa na umande tu vinakudanganya. Na kwa wengine watakaosoma hapa wenye paa la mpira mweusi wa EPDM, ule mpira una kaboni unapitisha umeme, vipimo vya umeme kwake ni mtihani.

Kisu_na_Mzani:
Wakubwa mimi sipingi kamera ila naona vijana wa siku hizi wanaiamini kama mganga. Kamera haioni maji. Inaona joto! Nimeshaitwa kwenye paa lina duara zuri jekundu kwenye picha, ripoti imeshaandikwa "eneo limelowa", nikakata, kukavu kama unga. Kumbe chini ya pale kulikuwa na chumba cha mashine kinatoa joto usiku kucha. Lingine ilikuwa kiraka cha zamani tu, lami leya nne juu ya mwenzake, nzito, inashika joto. Kwahiyo usisaini kitu kabla hujakata.

Kukata kwenyewe sio jambo la kutisha. Unachagua sehemu, moja kwenye baka lililowaka zaidi, moja kwenye pasipowaka kabisa, na moja mpakani, usikate kwenye mabaya tu maana utakuwa unatafuta ushahidi wa unachotaka kuamini. Unafagia chenga, unakata mraba kama wa kiganja kwa kisu, unahesabu leya (utashangaa, mwenye jengo anasema mbili unakuta nne), unanyofoa lami. Povu kavu linatoka na sauti, linakwaruza, ni jepesi mkononi kama halipo. Lililolowa linatoka kimya, rangi imeiva, linanuka kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo, ukilibana maji yanakupita vidoleni. Ukifika chini gusa zege kwa mkono, angalia kama lami ya chini bado imeshika au inabanduka kama ganda la kidonda.

Wenye kutaka namba, chukua kipande, funga kwenye mfuko wa plastiki hapohapo kisikauke, kapime kwenye mzani mdogo. Kikaushe kwa joto dogo siku nzima, taratibu povu lisije likayeyuka, pima tena. Uzito wa maji gawa kwa uzito mkavu. Mfano kipande cha gramu 60 kimekauka kikabaki 15, hapo maji ni 45, ni asilimia 300 ya uzito wake mkavu. Usishtuke na asilimia kubwa hivyo, povu ni jepesi mno ndo maana.

Na tundu ulilokata uzibe siku hiyohiyo, povu jipya la unene uleule, lami juu kwa leya zilezile, sio silikoni. Nimeona mapaa yanavuja kupitia matundu ya wapimaji.

Mchora_Mahesabu:
Naomba niulize hilo doa linalodondosha bila mvua, mbona wote mmeliruka? Ndugu Mtunza_Funguo, linadondosha saa ngapi? Kama ni alfajiri zaidi na kwenye majira ya baridi, unaweza usiwe uvujaji kabisa, ni mvuke wa ndani unapanda unakutana na zege lililopoa unageuka maji. Kama ni mchana watu wakiwa kazini, panda juu uangalie kiyoyozi kilicho karibu, bomba lake la kutolea maji linaishia wapi. Kiyoyozi kimoja kikimwaga maji yake juu ya lami sehemu moja kila siku mwaka mzima hapo umejitengenezea mvua yako mwenyewe.

Jambo la pili ni uzito, naona hakuna anayelitaja ila Fundi_Tochi kwa kupita. Sentimita 1 ya maji ni kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Dimbwi la mita 6 kwa 5 lenye wastani wa sentimita 5 ni kilo 1500, zimekaa hapo, na zege likilemewa muda mrefu linapinda kidogo, likipinda dimbwi linakua, likikua linalemea zaidi. Kabla mtu hajaongeza leya ya lami aulize kwanza leya zilizopo ni ngapi, sehemu nyingi kanuni za ujenzi haziruhusu zaidi ya mbili juu ya paa moja, na haziruhusu kufunika paa lililolowa.

Na ukitaka kujua maji yanaingilia wapi hasa, mpira wa maji unatosha. Anza chini kabisa, lowesha lami tupu peke yake, subiri, mtu akae ndani na tochi. Hakuna kitu? Panda kwenye maungio ya ukuta. Halafu ukuta wenyewe. Halafu kofia ya parapeti mwisho. Ukianza juu maji yanateremka yanapita kote na hutajua ni wapi. Inahitaji subira, nusu saa kila hatua sio nyingi.

Mtunza_Funguo:
Wakuu nimerudi, imepita kama wiki tatu, samahanini kwa kimya ila nilikuwa nafanya mlichosema.

Doa la bila mvua, dada Mchora_Mahesabu Mungu akubariki, lilikuwa linadondosha mchana tu, nilimuuliza mhasibu akasema "ndio bwana, mimi nikija asubuhi pakavu". Nikapanda, bomba la kiyoyozi limekatika kiungo, linamwaga chini ya mguu wa mashine yenyewe, pale kuna ukoga wa kijani mzuri kabisa unaota. Limeunganishwa, siku ya nne doa limekoma. Miaka miwili tumekuwa tukilaumu lami.

Kamera ikapita usiku, jamaa alinilazimisha nifagie madimbwi siku mbili kabla, nilimwona anajidai, kumbe. Mabaka mawili makubwa, yote yamezunguka midomo ya dreni, yale matundu ya kutolea maji ya mvua paani, na utepe mmoja mwembamba kando ya parapeti ya nyuma, zile fremu za picha nimeziona kwa macho yangu. Lililobaki kweusi. Tukakata sehemu tano, mbili za kwenye mabaka zilitoa maji ya kubana kwa mkono, ile ya parapeti imelowa upande mmoja tu, mbili za katikati kavu zinakwaruza kama alivyosema mzee Kisu_na_Mzani. Juu ya meza ya mhasibu, hapo tulipoziba mara tatu, kavu! Maji yalikuwa yanaingilia kwenye dreni umbali wa kama mita saba.

Na sababu ya dimbwi inauma kuisema. Kila tulipoziba tuliziba na pale kwenye dreni "kwa tahadhari", kiraka juu ya kiraka, mpaka mdomo wa dreni umezungukwa na kijikuta cha lami, maji yanafika pale yanakuta kizingiti.

Kwa hesabu ya chaki iliyolowa ni kama sehemu moja ya tano ya paa. Kontrakta wa kwanza nilipomwonesha povu kwenye mfuko alinyamaza, kisha akasema basi atatoboa matundu aweke vile vibomba vya kupumulia ili likauke lenyewe halafu afunike. Hii nayo ikoje?

Fundi_Tochi:
Hapana. Vile vibomba vinasaidia kupunguza msukumo wa mvuke, ila kukausha povu lililolowa la kubana maji kwa mkono, utastaafu kabla halijakauka, na kila kibomba ni tundu jingine ulilotoboa mwenyewe. Fumua hiyo moja ya tano mpaka zege, ongeza kama mita moja kila upande kupita mstari wa chaki maana povu linalowa kuanzia kingoni, acha zege likauke, weka povu jipya. Dreni ishushwe mdomo uwe chini kuliko lami, na hapo povu lichongwe kwa mteremko kuelekea dreni, sentimita mbili kila mita inatosha. Ile parapeti ya nyuma fumua lami ya ukutani upandishe mpya, na mwisho wake ufungwe kwa pau ya chuma, isiwe kupaka tu. Hiyo nne ya tano kavu iache ilivyo, ikifika wakati wa kuitandikia utakuwa unajua unatandika juu ya nini.

Kisu_na_Mzani:
Na ile ramani ya chaki ipige picha kabla mvua haijaifuta, weka na tarehe.

Mtunza_Funguo:
Imeshafutika mzee, ila jamaa wa kamera alitumia rangi. Wa pili, yule wa chini ya ngazi, kapanda leo, kazunguka na mimi saa nzima, kakubali kufumua hiyo moja ya tano. Kaanza kwa kuniuliza nani kamwambia mtu wa antena atoboe pale.